Jina na Kalamu: Asili na Maana ya Majina ya Waingereza na Waairishi

Vitabu vidogo vya kueleza maana ya majina ya Kiingereza na ya Kiairishi ni vingi, na aghalabu vimepangwa kwa mtindo mmoja: jina upande wa kushoto, maana yake upande wa kulia. Mzazi anayemtafutia mtoto wake jina huambiwa humo kwamba Edward ni "mlinzi wa mali", kwamba Kevin ni "mzaliwa mwema", na kwamba Florence ni "mwenye kuchanua". Maelezo ya namna hiyo hayawezi kuitwa uongo. Upungufu wake ni kwamba yanalichukua jina kana kwamba ni neno la kawaida la kamusi, ilhali jina lina jambo ambalo neno la kawaida halina: huandikwa na mtu ambaye si mwenyewe. Padre huliandika katika kitabu cha ubatizo, mtoza kodi katika daftari lake, hakimu katika hukumu yake. Na mara nyingi mwandishi huyo huwa haijui lugha ya mwenye jina. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti kubwa baina ya majina ya Waingereza na yale ya majirani zao Waairishi haiko katika mizizi ya maneno, bali katika swali la nani aliyeshika kalamu.

Yafaa kuanza na Waingereza, kwa kuwa kwao kisa ni chepesi zaidi. Kabla ya mwaka wa 1066 watu wa Uingereza walikuwa na jina moja tu kila mtu, na majina ya wakuu wao yaliundwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa. Vipande hivyo havikuwa vingi sana. Kulikuwa na *ead*, yaani mali au baraka, *weard*, mlinzi, *ræd*, shauri, *æthel*, uungwana, *wulf*, mbwa-mwitu, *stan*, jiwe, *gar*, mkuki, *ælf*, jini wa hadithi za kale. Kutokana na hivyo yakapatikana majina kama Edward, Edgar, Æthelred na Alfred. Wanaopenda tafsiri hulieleza jina la Alfred kuwa ni "shauri la majini", na hapo huridhika. Lakini kuna majina mengine ambayo vipande vyake havikubaliani hata kidogo. Katika Wulfstan mbwa-mwitu amefungwa pamoja na jiwe, na hakuna hekima yoyote inayotokana na ndoa hiyo. Jawabu linapatikana katika habari za Askofu Wulfstan wa Worcester, aliyefariki mwaka wa 1095. Baba yake aliitwa Æthelstan na mama yake Wulfgifu. Mtoto alipewa nusu ya jina la mama na nusu ya jina la baba. Basi maana ya jina lake haikuwa "mbwa-mwitu wa jiwe". Maana yake ilikuwa "mtoto wa hawa wawili", na kila jirani aliyelisikia alilifahamu hivyo bila ya kuhitaji kamusi.

Hii haina maana kwamba Waingereza wa kale hawakusikia maana ya vipande vyenyewe. Mfalme Æthelred, aliyetawala tangu mwaka wa 978 hata 1016 na kushindwa vibaya na Wadeni, alikuja kupewa lakabu ya *Unræd*, yaani "asiye na shauri". Mzaha huo hauna ladha ila kwa mtu anayesikia *ræd* ndani ya jina la mfalme mwenyewe: shauri la kiungwana, bila shauri. Waingereza wa baadaye walipoisahau lugha yao ya kale waliigeuza lakabu hiyo kuwa neno la siku zao lenye maana ya "asiyekuwa tayari", na hadi leo watoto wa shule hufundishwa kwamba mfalme huyo alikuwa mtu wa kuchelewa. Huu ni mfano wa kwanza, na wala si wa mwisho, wa maana mpya kuzaliwa katika kaburi la maana ya kale.

Walipokuja Wanormani mwaka wa 1066 majina hayo karibu yote yalianguka. Katika muda usiozidi vizazi saba au vinane wakulima wa Kiingereza walikuwa wakiwaita watoto wao William, Robert, Richard na Henry, majina ya mabwana wapya. Hawakulazimishwa na sheria yoyote. Ulikuwa ni mvuto wa ukubwa tu, ambao katika mambo ya majina hushinda sheria. Edward na Edmund yalinusurika kwa sababu yalikuwa majina ya watakatifu, na kwa sababu Mfalme Henry wa Tatu, mpenzi mkubwa wa Mtakatifu Edward, aliwapa wanawe majina hayo mwaka wa 1239 na 1245. Ni jambo la kufikirisha kwamba jina la Kiingereza halisi lilirudishwa katika nyumba ya kifalme na mtu aliyezungumza Kifaransa.

Majina ya ukoo yalikuja kwa njia nyingine, na hapa ndipo karani anapoingia. Watu wengi walikuwa wakiitwa William, na mtoza kodi hakuweza kuandika "William" mara hamsini katika ukurasa mmoja. Akaongeza la kumtambulisha: William wa mahali fulani, William mwana wa John, William mhunzi, William mwekundu. Kitabu kikubwa cha hesabu ya nchi cha mwaka wa 1086 kina vitambulisho vingi vya namna hiyo, lakini havikurithiwa. Katika muda wa miaka mia tatu iliyofuata vikaganda. Madaftari ya kodi ya kichwa ya mwaka wa 1377, 1379 na 1381 yanaonyesha hali ya katikati: wako waliobeba lakabu za baba zao, na wako ambao lakabu zilikuwa bado zao wenyewe. Amri ya Thomas Cromwell ya mwaka wa 1538, kwamba kila parokia iweke kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko, ilikamilisha kazi hiyo.

Majina ya kazi yana faida kubwa kwa mwanahistoria wa lugha kwa sababu yamehifadhi maneno ambayo lugha yenyewe imeyatupa. Mathalani kazi ya kuikanyaga nguo ya sufu majini mpaka ishikamane ilikuwa na majina matatu katika pembe mbalimbali za Uingereza, na kutokana nayo yakapatikana majina matatu ya ukoo: Fuller, Tucker na Walker. Mwingereza wa leo akilisikia jina la Walker hudhani ni habari ya mtu mwenye kutembea, naye hakukosea kabisa, kwa sababu mkanyaga nguo alikuwa akitembea, ila alitembea mahali pamoja. Vilevile Baxter na Webster zimehifadhi kiambishi tamati cha kale cha wanawake: mwokaji mikate wa kike na mfumaji wa kike. Kiambishi hicho kilikuwa kimepoteza jinsia yake kabla majina hayajaganda, na wanaume waliyabeba bila ya kuona haya.

Kwa hiyo majina ya Waingereza pia yalipoteza maana, na karani wao mara nyingi aliandika kwa Kilatini au Kifaransa. Lakini karani alikuwa mtu wa nchi hiyo, alilisikia jina likitajwa na majirani, na alilijua neno la mhunzi kama walivyolijua wao. Maana ilikufa kwa uzee, nyumbani, katikati ya jamaa zake. Jina la Smith bado linasikika kuwa "mhunzi", na Fletcher lisiposikika tena kuwa "mtengeneza mishale" ni kwa sababu mishale yenyewe imekwisha.

Ng'ambo ya bahari mambo yalikwenda vingine. Waairishi walikuwa na desturi ya ubini iliyo ya kale kuliko ile ya Waingereza kwa muda mrefu. Katika kusini ya Ayalandi, hasa katika wilaya za Kerry na Cork, kuna mawe yaliyochanjwa mistari mifupi ubavuni, maandishi yanayoitwa ogham, ambayo mengi ni ya baina ya karne ya 4 na ya 7. Takriban mawe mia nne ya namna hii yanajulikana katika Ayalandi na magharibi ya Uingereza, na karibu yote hayana habari nyingine ila jina: la fulani, *maqi*, yaani mwana, wa fulani. Mara nyingine pana *avi*, mjukuu au mzao. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyokuja kuwa *Mac* na *Ó*. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hatapata taabu kuyafahamu, kwa kuwa *Mac* ni sawa na *bin* ya Mswahili na *arap* ya Mkalenjin. *Ó* haina mwenzi kamili katika desturi hizo, kwa sababu humruka baba na kumfikia babu.

Yapata karne ya 10 maneno haya yakaacha kumtaja baba au babu hasa, yakawa alama ya ukoo mzima. Jina linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza kuandikwa hivyo ni Ó Cléirigh, "mzao wa karani" au mtu wa kanisa, katika taarifa ya kifo cha mtawala mmoja wa Aidhne mwaka wa 916. Waairishi wengi hupenda kusema kwamba ni Mfalme Brian Boru, aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka wa 1014, aliyeamuru kila ukoo uwe na jina. Hiyo ni hadithi tu. Brian mwenyewe hakuwa na jina la ukoo, na wa kwanza kuitwa Ó Briain walikuwa wajukuu zake, ambao kwao neno hilo lilikuwa bado la kweli kabisa.

Sarufi ya majina hayo inastahili kutazamwa, maana humo ndimo hasara iliyofuata inapoonekana vizuri. Mwanamke wa ukoo wa Ó Briain haitwi Ó Briain. Huitwa Ní Bhriain, na *Ní* ni mkato wa maneno yenye maana ya "binti wa mzao wa". Akiolewa katika ukoo huo huitwa *Bean Uí Bhriain*, mke wa mzao wa Brian. Tena herufi ya kwanza ya jina hulainika, *B* ikawa *Bh* na kutamkwa kama *v*. Wazungu wengi huliona jambo hili kuwa la ajabu, kwamba neno libadilike kichwani badala ya mkiani. Mwenye kuzungumza lugha ya Kibantu, aliyezoea kuona sarufi ikishughulika mwanzoni mwa neno, huenda asishangae sana. Jina lile lilipoingizwa katika Kiingereza likawa O'Brien kwa wote, na binti akaandikwa Mary O'Brien. Akisomwa kwa Kiairishi, mwanamke huyo ameitwa mjukuu wa kiume. Ni kana kwamba ofisi fulani imeamua kila Asha binti Juma aandikwe Asha bin Juma, na vizazi vinane baadaye hakuna anayekumbuka kwamba palikuwa na neno *binti*.

Desturi nyingine iliyokuwa nzuri ni ile ya heshima kwa watakatifu. Waairishi wa zamani waliona si adabu kumpa mtoto jina la Patrick. Walimwita *Giolla Phádraig*, mtumishi wa Patrick, au *Maol Phádraig*, aliyenyoa utosi kwa ajili ya Patrick kama wafanyavyo watawa. Jina la Mama wa Yesu lilitengwa kabisa: yeye ni *Muire*, na msichana wa kawaida, hata ilipokuja kuruhusiwa, ni *Máire*. Patrick, ambalo ulimwengu huliona kuwa jina la kila Mwairishi, halikuwa la kawaida katika nchi yake kabla ya karne ya 17.

Wanormani walifika Ayalandi mwaka wa 1169, wengi wao wakitoka Wales, na kwa muda wa karne mbili mto wa majina ulitiririka upande usiotarajiwa. Mabwana wa kigeni ndio waliokuwa Waairishi. Ukoo wa de Burgh ukawa de Búrca, na matawi yake yakajiita Mac Uilliam, wana wa William. Ukoo wa Bermingham ukaitwa Mac Feorais, mwana wa Piers. Serikali ya mfalme wa Uingereza ikaona hatari. Katika Sheria za Kilkenny za mwaka wa 1366 Waingereza walioishi Ayalandi waliamriwa wazungumze Kiingereza na waitwe kwa majina ya Kiingereza, wakiacha kabisa yale ya Kiairishi. Sheria hizo zenyewe ziliandikwa kwa Kifaransa.

Miaka 99 baadaye sheria iliwageukia Waairishi wenyewe. Katika mwaka wa 1465 bunge la Ayalandi, chini ya Mfalme Edward wa Nne, lilitaka kila Mwairishi aliyeishi miongoni mwa Waingereza katika wilaya za Dublin, Meath, Louth na Kildare achukue jina la ukoo la Kiingereza. Sheria ilimchagulia hata aina. Angeweza kuchukua jina la mji, kama Sutton, Chester, Trim au Cork. Au la rangi, kama White, Black au Brown. Au la ufundi, kama Smith au Carpenter. Au la cheo, kama Cook au Butler. Asiyetii angenyang'anywa mali yake kila mwaka. Mwanafunzi wa majina hana budi kusimama hapa kidogo. Aina hizi ndizo zilezile zilizokuwa zimeota zenyewe Uingereza kwa miaka mia tatu, jina hili kwa kutajwa kijijini, lile kwa wekundu wa nywele za mtu. Huko zilikuwa matokeo ya mazungumzo. Huku ziliwekwa katika orodha ya serikali, na mtu akaambiwa achague.

Hata hivyo haielekei kwamba sheria hiyo ilibadilisha mengi peke yake, kwa sababu nje ya eneo dogo la Dublin mkono wa mfalme ulikuwa mfupi. Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 17, baada ya kushindwa kwa mabwana wa Kiairishi mwaka wa 1603, kuhama kwao mwaka wa 1607 na vita vya Oliver Cromwell. Ardhi ilipimwa na kugawanywa upya, na katika kila daftari la ardhi aliyeandika alikuwa mtu asiyejua Kiairishi. *Ó* na *Mac* vikaanza kuangushwa, kwa sababu vilimwonyesha mwenyewe kuwa mtu wa upande ulioshindwa. Yaliyosalia ya jina yakaandikwa jinsi sikio la kigeni lilivyoyapokea.

Kazi hiyo ilifanyika kwa njia tatu, na mara nyingi zilichanganyika. Njia ya kwanza ni ya sauti: Ó Murchadha, ambalo ndani yake mna bahari na vita, likawa Murphy, ambalo ndani yake hamna kitu. Njia ya pili ni ya tafsiri: Mac Gabhann, mwana wa mhunzi, hasa katika wilaya ya Cavan, likawa Smith. Njia ya tatu ni ya tafsiri ya kubahatisha, na hiyo ndiyo iliyoleta vituko. Mac Conraoi liliishia kwa sauti iliyofanana na *rí*, mfalme, na baadhi ya watu wake wakaandikwa King. Ó Coinín lilifanana na neno la sungura, na wenye jina hilo wakawa Rabbitt. *Saor* ni fundi, na pia ni mtu huru. Basi Mac an tSaoir, mwana wa fundi, wengine wakawa Carpenter, ambayo ni tafsiri ya haki, na wengine wakawa Freeman, ambayo ni kosa lenye sauti nzuri.

Kisa cha Ó Maoilsheachlainn kinazidi vyote. Hao walikuwa ukoo wa kifalme wa Meath, wazao wa Máel Sechnaill, mfalme aliyewashinda Waskandinavia katika vita vya Tara mwaka wa 980 na kufariki mwaka wa 1022. Jina lake lilikuwa "aliyejitoa kwa Mtakatifu Sechnall". Katika kinywa cha Kiingereza jina hilo refu liligeuka likafanana na jina la ukoo mwingine kabisa, Mac Lochlainn wa kaskazini, na yote mawili yakaandikwa MacLoughlin. Sasa *Lochlainn* ni nchi ya Waskandinavia. Wazao wa mtu aliyewapiga wageni wa kaskazini wameandikwa kuwa wana wao.

Majina ya kubatizwa nayo yalitendewa vivyo hivyo, pengine kwa uzembe zaidi. Tadhg, lenye maana ya mshairi, liliandikwa Timothy au Thaddeus. Diarmaid likawa Jeremiah, Conchobhar likawa Cornelius, Cormac likawa Charles. Donnchadh, jina la vita, likawa Denis, ambalo asili yake ni mungu wa mvinyo wa Wayunani. Gráinne Ní Mháille, bibi mkuu wa manahodha wa magharibi katika karne ya 16, anajulikana katika vitabu vya Kiingereza kama Grace O'Malley, kwa sababu tu ya *gr*. Na Fínghin Mac Cárthaigh, mtawala wa kusini aliyefungwa kwa miaka mingi mjini London, aliandikwa Florence, jina ambalo leo hakuna Mwingereza atakayemdhania mwanamume. Mara mojamoja mbadala ulikuwa na akili ndani yake. Gobnait, mtakatifu wa Cork anayeheshimiwa na wafuga nyuki, mara nyingine alifanywa Deborah, na Deborah kwa Kiebrania ni nyuki. Huenda ni padre mmoja msomi aliyefikiri hivyo. Karani wa kodi hasingiziwi.

Ni katika sura hizi za Kiingereza kwamba majina ya Waairishi yalifika Kenya. Masista wa Loreto walikuja kutoka Ayalandi mwaka wa 1921, na mapadre wengi wa Kiairishi walifanya kazi nchini. Majina kama Patrick, Bridget na Kevin ni ya kawaida leo katika vitabu vya ubatizo vya parokia za Kenya. Aliyebatizwa Bridget amepewa jina la Brighid wa Kildare, na aliyebatizwa Kevin jina la Caoimhín wa Glendalough, ila baada ya majina hayo kupita katika kalamu ya lugha nyingine.

Karne ya 19 ilitia muhuri. Shule za taifa zilizoanzishwa mwaka wa 1831 zilifundisha kwa Kiingereza. Njaa kuu ya mwaka wa 1845 hadi 1852 iliua na kuhamisha watu wa sehemu zilizozungumza Kiairishi kuliko wengine. Na tangu mwaka wa 1864 kila kizazi kilitakiwa kuandikishwa. Robert Matheson wa ofisi hiyo ya uandikishaji alitoa taarifa yake mashuhuri mwaka wa 1894, akihesabu majina ya watoto waliozaliwa mwaka wa 1890. Matano ya kwanza yalikuwa Murphy, Kelly, Sullivan, Walsh na Smith. Orodha hiyo ni onyo kwa kila anayetaka kujua asili ya watu kwa kuhesabu majina. Smith ni la tano, lakini wengi katika hao Smith ni watu wa Mac Gabhann ambao babu zao hawakutoka Uingereza kamwe. Walsh ni "Mwelshi", jina walilopewa wale wa mwaka wa 1169, ambalo Waairishi husema Breathnach. Nao kwa karne nyingi wamekuwa Waairishi kama wengine.

Wakati taarifa hiyo inachapishwa, upinzani ulikuwa umeanza. Mwezi wa Novemba 1892 Douglas Hyde alitoa mhadhara mjini Dublin juu ya haja ya kuiondolea Ayalandi Uingereza wake, na katika mambo aliyoyalaumu ni watu kuyaonea haya majina yao. Mwaka uliofuata yeye na Eoin MacNeill na wenzao waliunda Conradh na Gaeilge, chama cha lugha ya Kiairishi. Wanachama walianza kujiandika kwa Kiairishi, na *Ó* na *Mac* zikaanza kurudi. Katika mwaka wa 1906 Padre Patrick Woulfe alitoa kitabu cha kuwasaidia watu kuyajua majina yao ya asili. Hyde mwenyewe alikuwa na shida ndogo: jina lake la ukoo ni la Kiingereza, nalo lina maana ya kipimo cha ardhi cha kutosha nyumba moja, na ni jina lake la kwanza, Douglas, ndilo lenye asili ya Kigaeli. Akajiandika Dubhghlas de hÍde, kwa *de* ya Kinormani.

Jambo hili lilifika mahakamani. Sheria ya wakati huo ilimtaka mwenye gari la kukokotwa na mnyama aandike jina na makazi yake juu ya gari kwa herufi zinazosomeka. Mkazi mmoja wa Donegal, mtunzi wa nyimbo, aliandika lake kwa Kiairishi na kwa herufi za Kiairishi: Niall Mac Giolla Bhríde. Akashtakiwa na kutozwa faini, kwa hoja kwamba herufi hizo hazisomeki. Katika mwaka wa 1905 rufani yake ilisikilizwa Dublin, na mmoja wa mawakili wake alikuwa kijana aliyeitwa Patrick Pearse.

Hoja ilikuwa ndogo kwa kipimo cha sheria, na kubwa kwa kipimo cha makala haya. Hakuna aliyedai kwamba jina halikuwa lake, wala kwamba halikuandikwa wazi. Majirani zake waliozungumza Kiairishi walijua linavyotamkwa. Swali lilikuwa: jina lisomeke kwa nani? Kwa askari, ilijibiwa, na faini ikathibitishwa. Sura ambayo sheria ingeridhika nayo ilikuwa McBride. Jina la Kiairishi lina maana ya "mwana wa mtumishi wa Brighid", mtakatifu yuleyule wa Kildare. Msomaji wa Kiingereza akiliona McBride, na akijua kwamba *Mac* ni mwana, hana la kusoma mbele ila "mwana wa bibi arusi".

Pearse hakuifuata kazi ya uwakili baada ya hapo. Aliandika kwa Kiairishi kama Pádraig Mac Piarais, na wengi walimjua kwa jina hilo, lakini hakuwa na jina la Kiairishi la kurudia: baba yake alikuwa mchonga mawe aliyetoka Uingereza, na Pearse ni Piers, jina la Petro jinsi Wanormani walivyolitamka, lilelile lililomo ndani ya Mac Feorais. Mwezi wa Aprili 1916 alisoma tangazo la jamhuri mbele ya posta kuu ya Dublin. Chini ya tangazo hilo, lililoandikwa kwa Kiingereza, yamechapishwa majina saba. Edward Kent amechapishwa kama Éamonn Ceannt. Wakili wa Mac Giolla Bhríde amechapishwa kama P. H. Pearse.